Jinsi ya kujua mwanasiasa anaamini nini kuhusu serikali bila kuangalia rangi ya shati

Kampeni zikianza hapa Uganda kila mtu anavaa rangi, njano, nyekundu, bluu, na tukishaona rangi tunadhani tumejua mtu anaamini nini. Wapi! Rangi inakuambia shati limetoka wapi tu. Ukitaka kujua itikadi ya mtu, chukua kitu kimoja ambacho nyote mnakitumia, me huwa natumia stima, halafu muulize maswali matatu: hiki kitu kiwe cha nani, nani alipe, na asiyetaka alazimishwe ama aachwe? Usimuulize "wewe mjamaa ama bepari", atakudanganya, ama hata mwenyewe hajui.

Sasa stima. 2005 kampuni ya Umeme ilipewa kazi ya kusambaza kwa miaka 20, mwisho wa Machi 2025 mkataba ukaisha, kazi ikarudi kwa kampuni ya serikali, UEDCL. Peleka hiyo stori kwenye steji ya boda halafu unyamaze usikilize.

Atakayesema serikali haijui biashara, waachiwe wenye pesa washindane, huyo ni mliberali wa mtindo wa zamani, mtu wa soko huria. Kwake serikali ni askari wa geti: alinde usiku, akamate wezi, mtu akivunja mkataba kuwe na korti, basi, asiingie jikoni kupika. Lakini usimkimbilie, maana hata Adam Smith wanayemtaja kila siku alikubali serikali ijenge barabara na madaraja na isaidie shule, vitu ambavyo mfanyabiashara peke yake hapati faida yake. Anayekataa hata hizo na kuona kodi yenyewe ni wizi, huyo ameshapita huko, ni mlibertari.

Mwingine atasema kampuni zifanye kazi sawa, ila zikatwe kodi nzuri na maskini apunguziwe bei. Hiyo ni demokrasia ya kijamii, na shule za msingi za bure zilizoanza 1997, UPE, zina harufu yake kabisa. Akisema stima, benki na viwanda vyote viwe vya umma, huyo ni msoshalisti. Tulishaonja kidogo: tarehe 1 Mei 1970 pale Nakivubo, Kampala, Rais Obote alitangaza serikali ichukue asilimia 60 ya kampuni kubwa, ila haikufika mbali, Januari 1971 Amin akampindua. Wafuasi wa Marx wana yao tena, wanasema serikali si refa, ni rungu la tabaka lenye mali, siku matabaka yakiisha nayo itanyauka yenyewe. Waanakisti wanawaambia mnangoja nini, ivunjwe leo.

Wahafidhina usiwatafute kwenye stima, hutawaona. Waulize ardhi, ukoo, ndoa, ufalme. Kwao serikali imezikuta hizo zikiwepo, kazi yake ni kuzilinda na kama ni kubadilisha basi polepole. Mzee ambaye bado ana uchungu na 1967 falme zilipofutwa, akafurahi 1993 ziliporudi, anaongea uhafidhina hata kama hilo neno hajawahi kulisikia. Federo, yaani mfumo wa shirikisho, lakini usiiweke hapa, ile inauliza mamlaka yakae wapi, Kampala kwa serikali kuu ama Mengo kwa ufalme wa Buganda, haiulizi serikali ifanye mengi ama machache.

Mtego ambao watu wengi wananaswa ni huu: wakiona serikali imeshika mali wanasema ujamaa. Angalia 1972, Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke, maduka yakachukuliwa. Uliza swali la kwanza, yalikuwa ya nani baadaye? Mengi yalienda kwa wanajeshi na watu wao. Sasa hapo ujamaa uko wapi banange, mali imebadilisha mfuko tu.

Na PDM (Parish Development Model), ule mpango wa serikali wa mikopo ya parishi, je? Tangu 2022 mpango ni shilingi milioni 100 kwa kila parishi kwa mwaka, familia inakopa mpaka milioni moja ifanye mradi. Watu wanaita pesa ya bure lakini ni mkopo, kuku ni wako, na bei ya kuku inapangwa na soko. Mimi naona ni serikali inayotaka kutengeneza wafanyabiashara wadogo, pesa ya kodi ikimsukuma mtu aingie sokoni. Mliberali hapendi mkono wa serikali humo, msoshalisti hapendi inapokupeleka.

Kitu kingine, andika mwaka kando ya jibu. NRM, chama tawala, hao hao walioingia 1986 na maneno ya kimapinduzi, 1987 walikuwa tayari na programu ya IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, Uganda Airlines ikafungwa 2001, hisa nyingi za Uganda Commercial Bank zikauzwa kwa Stanbic 2002, halafu 2019 ndege za serikali zikarudi hewani. Ukimpima mtu kwa hotuba moja ya zamani umepotea.

Steji yetu kuna jamaa anataka serikali imjengee lami mpaka mlangoni, imsamehe kodi zote, iwatoe wageni Kikuubo, pale kwenye maduka ya jumla ya Kampala, na isimguse yeye kwa kofia ya kuendesha. Nimemuuliza maswali yote matatu mara mbili na bado sijui nimweke wapi.