Umechoka mpaka kuomba huwezi? Anzia hapa

Ndugu yangu kama umefika hatua unapiga magoti maneno hayatoki, hii ni yako. Mimi nilikaa miezi 8 bila kazi, kodi nadaiwa, mama anaumwa, na kanisani kila anayenisalimia ananiambia kaza tu Mungu yupo, mpaka nikaanza kukwepa kwenda.

Cha kwanza mwambie Mungu ukweli. Fungua Zaburi ya 13, mistari 6 tu, isome kwa sauti. Daudi anamuuliza Mungu "hata lini" mara 4 kabla hajaomba chochote na hakufukuzwa, kwa hiyo na wewe usijipambe, sema naogopa, nimekasirika, sina hata hela ya unga. Ukishindwa kabisa lia tu, Warumi 8:26 inasema Roho mwenyewe anatuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa, yaani hicho kilio nacho kinafika.

Alafu omba ya leo tu. Hapa ndo palinisaidia kuliko kote. Soma Kutoka 16 habari za mana, kile chakula Mungu alichowapa Waisraeli jangwani, kila mtu aliokota ya kumtosha siku ile na waliojilazia ya kesho ikaingia mabuu ikanuka. Mimi nilikuwa naamka saa 9 usiku napiga hesabu za kodi ya miezi 6 ijayo, sasa neema ya miezi hiyo sijapewa bado nitaionaje? Nikabadilisha, asubuhi kabla sijashika simu nataja mahitaji mawili ya siku hiyo, jioni naandika kwenye daftari nimepata nini. Siku nyingine niliandika jirani kaleta mchicha, siku nyingine mama kalala bila maumivu, na kuna siku niliandika nimefika jioni basi. Fanya wiki 3 alafu rudi usome ulichoandika.

Kula na ulale pia. Eliya alipoomba kufa kule jangwani malaika hakumhubiria, alimpa mkate na maji, akalala, akaamshwa akala tena (1 Wafalme 19). Na dawa za hospitali usiache eti kwa imani, hata Paulo alimwandikia Timotheo cha kutumia kwa ajili ya tumbo lake.

Tafuta mtu mmoja anayetunza siri, awe wa jumuiya au mama yeyote wa maombi, umwambie hali ilivyo. Najua aibu inavyobana, ila mimi upendo wa Mungu niliuona kwa yule dada aliyekuja kufua nguo za mama bila kuniuliza swali hata moja. Mtu akikwambia toa hela kwanza ndo muujiza uje, ondoka, neema haina bei na nasema hivi kwa uchungu maana nimeona watu wanauza mpaka kitanda.

Na amani usiisubirie mpaka shida iishe. Paulo aliwaandikia Wafilipi habari za amani ipitayo akili zote akiwa kwenye minyororo. Mimi usiku wa kwanza kulala moja kwa moja mpaka asubuhi nilikuwa bado nadaiwa kodi ileile, hakuna kilichobadilika pale nyumbani, nililala tu.

Leo usiku soma hiyo Zaburi ya 13, mwambie lako, alafu zima taa.