Kuchanganya Manyoya ya Kufungia Nzi Bandia

Mito inayoshuka kutoka milima ya Aberdare, Kenya, ina samaki aina ya trauti tangu mwaka 1905, walipopandikizwa katika mto Gura, na chambo kinachowavutia sana ni nzi bandia aliyefungwa kwenye ndoana kwa mfano wa wadudu wachanga wanaojishikiza chini ya mawe. Mwili wa nzi huyo husokotwa kwa manyoya yaliyochanganywa, ambayo mafundi huyaita dabingi, nawe unaweza kuyaandaa nyumbani.

Tumia ngozi ya sungura wa kufugwa, wala usiguse manyoya ya wanyamapori, ambao wanalindwa na sheria. Manyoya laini ya chini hushikana na uzi. Yale magumu ya juu, hasa mafupi ya usoni na masikioni, hutokeza nje kama miguu ya mdudu na kumfanya nzi aonekane hai. Mimi huchukua sehemu mbili za manyoya laini kwa moja ya magumu. Rangi moja tupu hupooza majini, kwa hiyo changanya kahawia, kijivu na zeituni kidogo.

Njia ninayoipendelea ni ya maji, ijapokuwa ni ya polepole. Tia manyoya katika chupa ya mdomo mpana, mimina maji ya uvuguvugu na matone machache ya sabuni ya kuoshea vyombo, kisha tikisa kwa nguvu mpaka mabaka ya rangi moja moja yatoweke. Mwaga kwenye chujio, suuza hadi povu liishe, kamua kwa kiganja na uanike kivulini, ukilichambua bonge hilo kwa vidole kadiri linavyokauka. Mashine ndogo ya kusagia kahawa humaliza kazi hiyo kwa sekunde chache, lakini manyoya marefu hujiviringisha kwenye kisu chake, kwa hiyo yakate yasizidi sentimita 2 na uiwashe kwa mikupuo mifupi tu. Mashine hiyo isirudishwe jikoni.

Kabla ya kuhifadhi, lowesha kibonge kidogo na ukitazame juani kando ya mdudu halisi uliyemtoa chini ya jiwe, kwa sababu manyoya yakilowa rangi yake hukolea. Kikiwa cheusi mno, rudisha manyoya yote chupani, uongeze ya rangi hafifu kidogo kidogo, na uandike kwenye kopo vipimo ulivyotumia.