Kuitafuta Kilimia ukiwa Mbagala

Kilimia ni kishada kidogo cha nyota, na huku kwetu Mbagala, Dar es Salaam, si rahisi kukiona: taa za barabara na maduka humulika vumbi na unyevu hewani, anga likapauka na kumeza nyota hafifu. Mimi hungoja siku za giza la mwezi, hasa mvua ikiwa imeosha vumbi mchana, kisha najibanza uani nyuma ya tangi la maji, taa ya jirani isinipige usoni. Simu naiacha ndani! Macho huchukua dakika 20 hadi 30 kuzoea giza. Ukichungulia ujumbe mmoja tu, unaanza upya. Tochi? Ifunike kitambaa chekundu.

Desemba, saa tatu usiku, tazama juu upande wa kaskazini. Kilimia usiikodolee, angalia pembeni yake kidogo, itajitokeza. Mimi huhesabu nyota sita, wakati mwingine nne.