Kagueni chumba pamoja kabla ya kukabidhi ufunguo
Kwa wenzangu wanaosimamia hosteli za wanafunzi kandokando ya Chuo Kikuu cha Maseno, au kule Njoro karibu na Egerton: ugomvi mwingi wa amana mwishoni mwa muhula huanzia siku ya kwanza, mwanafunzi anapopewa ufunguo akiwa bado ameshika sanduku lake, bila mtu yeyote kuandika chumba kilikuwa katika hali gani. Ingieni pamoja, mwashe taa, mfungue bomba, mjaribu kitasa, kisha mwandike kasoro kwa maneno mahususi. “Kioo cha dirisha la kushoto kina ufa pembeni” ni maelezo yanayosaidia, ilhali “dirisha bovu” hayamsaidii mtu. Mwanafunzi atie sahihi na abaki na nakala, na picha zitumwe kwa WhatsApp ili tarehe ionekane. Soketi ziangalieni kwa makini zaidi, kwa kuwa koili ya kuchemshia maji huacha alama nyeusi ambazo, muhula ukiisha, kila mmoja husema alizikuta. Wanaoishi wawili chumbani watie sahihi wote. Rangi iliyopauka kwa jua, kwa maoni yangu, si sababu ya kumkata mtu amana.