Uzio usioonekana wa mbwa: waya unafukiwa kwa siku moja, mbwa anafundishwa wiki mbili

Ndugu zetu wengi wanaonunua nyumba vitongojini huku Ohio, Marekani, wanakutana na jambo lilelile: sheria za mtaa zinakataza kujenga fensi, na watoto tayari wameshaleta mbwa. Hapo ndipo ninapopigiwa simu. Kazi ya kufunga nyaya za mbwa nina miaka sita nayo sasa, na nyumba nyingi ninazoitwa ni za kurekebisha. Waya upo, transmita inawaka taa, na mbwa bado analala kwa jirani. Nikipima, waya hauna tatizo lolote. Mbwa hakufundishwa.

Kwanza tuelewane kuhusu kitu chenyewe, maana ukitaja fensi ya umeme, mtu wa Dar au Nairobi anaona zile nyaya za juu ya ukuta. Hii ni kitu kingine. Gereji ina transmita iliyochomekwa kwenye soketi, nayo inatuma mawimbi ya redio ya masafa ya chini kwenye waya uliofukiwa kuzunguka uwanja. Waya huo haupigi shoti. Mtoto akiukanyaga hasikii kitu. Mbwa ndiye anayevaa kola yenye kipokezi na pini mbili za chuma zinazogusa ngozi. Akiukaribia waya, kola inalia. Akizidi kusogea, kola inampiga shoti fupi. Mmarekani Richard Peck alipata hataza ya njia hii mwaka 1973, na msingi wake haujabadilika hadi leo.

Kabla hujatoa hela, mtazame mbwa wako vizuri. Mbwa mwenye tabia ya kuuma watu usimwekee uzio huu hata kidogo, kwa sababu mpita njia haoni kizuizi na wala hana kinachomlinda. Mbwa mwoga sana naye anaweza kukataa kabisa kutoka nje baada ya shoti ya kwanza. Mtoto wa mbwa asubiri afikishe miezi sita hivi. Na ujue kwamba uzio huu unamzuia mbwa wako tu: mbwa wa jirani ataingia, na koyoti (wanyama wa porini wa jamii ya mbwa) pia wataingia, kwa hiyo chanjo ya kichaa cha mbwa iwe imekamilika. Ndugu mlioko Wales, huko kola za umeme zimepigwa marufuku tangu 2010, pamoja na hizi za uzio. Na wanaoniuliza kama wawapelekee wazee nyumbani, jibu langu ni jengeni ukuta. Umeme ukikatika, uzio huu haupo.

Hatua ya 1: Piga 811

Ni simu ya bure kwa Marekani nzima, na unaipiga siku kadhaa kabla ya kuchimba. Watu watakuja kukuchorea rangi kwenye nyasi, kuonyesha nyaya na mabomba yaliyofukiwa: nyekundu ni umeme, njano ni gesi, rangi ya machungwa ni simu na intaneti, buluu ni maji, kijani ni majitaka. Hawachori vitu vyako binafsi, kama mabomba ya kumwagilia bustani au waya wa umeme unaokwenda kwenye kibanda cha nyuma. Hivyo uvitafute mwenyewe.

Hatua ya 2: Panga njia ya waya

Waya unatoka kwenye transmita, unazunguka, unarudi kwenye transmita. Ukiacha pengo popote, hakuna kinachofanya kazi. Kona zipinde taratibu kama barabara inavyopinda, usizikunje pembe kali, kwa sababu kwenye pembe kali mawimbi hupungua na mbwa hupajua mahali hapo upesi kuliko wewe. Ukitaka kuzungushia nyuma ya nyumba tu, waya wa kwenda na wa kurudi uachane angalau mita mbili. Ukiulaza pamoja, mawimbi yanauana.

Tabia hiyo ya kuuana ina faida yake. Kipande cha kutoka gereji hadi mpakani hutaki kimpige mbwa anapopita katikati ya uwanja wake mwenyewe. Hapo unasokota nyaya mbili pamoja, mizunguko kama kumi na miwili kwa kila sentimita 30, na kola inanyamaza kabisa juu yake. Usisokote kwa mkono, utaumia vidole bure. Kunja waya katikati, ningʼiniza ule mkunjo kwenye komeo la mlango, funga ncha mbili kwenye drili, rudi nyuma hadi waya ukaze, kisha bonyeza drili polepole. Dakika tano umemaliza mita ishirini.

Kaa mbali na waya wa jirani kama naye anao uzio wa namna hii, mita tatu au zaidi. Usiulaze waya wako sambamba na nyaya za umeme au za televisheni. Ukilazimika kuzivuka, zivuke kwa kukata msalaba.

Hatua ya 3: Tandaza juu ya nyasi kwanza, upime, ndipo ufukie

Hatua hii watu wanairuka, kisha wanafukua uwanja mzima. Tandaza waya wote juu ya ardhi, unganisha transmita, ishike kola kwenye kimo cha shingo ya mbwa wako, utembee kuelekea mpakani. Shika plastiki ya kola, vidole visiguse pini. Kola ilie kote. Ukishatembea mzunguko mzima na umeridhika, chimba.

Kina cha sentimita tatu hadi saba kinatosha. Ninakata mstari kwenye nyasi kwa sepetu bapa, ninasukuma waya kwa kijiti cha mbao, ninakanyaga nyasi zirudi. Chuma chenye ncha kinachuna plastiki ya waya, na maji yakiingia hapo utanikumbuka mwakani. Kwenye njia ya gari, tafuta ule ufa ulioachwa kati ya vipande vya zege, laza waya humo, uzibe kwa silikoni. Kama hakuna ufa, kata kwa grinda yenye diski ya zege.

Viungo vya waya ndivyo vinavyooza mapema kuliko kitu chochote. Tumia vifuniko vyenye jeli ndani yake, vya kuzuia maji. Selotepu ya umeme peke yake haifai chini ya udongo. Na unaponunua waya, kumbuka namba ndogo ndiyo waya mnene: geji 14 hudumu kuliko geji 20 inayokuja ndani ya boksi.

Hatua ya 4: Upana na vibendera

Kwenye transmita kuna kitufe cha upana wa ukanda ambamo kola inalia na kupiga. Mpe mbwa nafasi ya kutosha ya kusikia mlio na kugeuka kabla ya shoti. Mbwa mkubwa anayekimbia anapita ukanda mwembamba kabla akili haijafika. Kisha chomeka vibendera kila mita tatu. Kibendera kikae pale kola inapoanza kulia, kisikae juu ya waya.

Hatua ya 5: Kola

Nyoa au tenga manyoya hadi pini ziguse ngozi. Kola ikaze kiasi cha kidole kimoja kupita chini ya pini. Ikilegea, mbwa atapigwa leo na kesho hatapigwa, na hilo linamchanganya kuliko kitu kingine chochote. Anza na kiwango cha chini kabisa. Mbwa akicheza masikio, akitazama chini au akijikuna shingo, kiwango kimefika. Akilia kwa maumivu, umezidisha, na umempa kumbukumbu mbaya ambayo itakugharimu wiki nzima kuifuta.

Hatua ya 6: Wiki mbili za mafunzo

Mbwa wangu wa kwanza, Simba, nilimfundisha siku tatu nikaona ameelewa. Siku ya nne alimwona kindi ngʼambo ya barabara akapita moja kwa moja. Kilichoniuma ni kurudi. Kindi alishapanda mti, Simba akaja hadi ukingoni mwa nyasi, kola ikalia, akasimama. Alitaka kuja nyumbani na nyumba yake inampiga. Alikaa pale kwenye lami akitetemeka, magari yanapita, hadi nikakimbia kumvua kola na kumbeba. Tangu siku ile sikubali kumfungia mtu waya kama hajaniahidi wiki mbili.

Dakika kumi hadi kumi na tano kwa kipindi, mara mbili au tatu kwa siku. Kamba ifunge kwenye mkanda mwingine wa kawaida, kamwe usiifunge kwenye kola yenye pini.

Siku ya kwanza hadi ya nne, kola iwe ya mlio tu, bila shoti. Mtembeze hadi kwenye vibendera. Ikilia, geuka naye haraka kuelekea nyumbani, msifu kwa sauti ya furaha, mpe kipande cha nyama. Usimvute kuelekea vibendera hata mara moja; mwache asogee mwenyewe. Unachotaka ni kwamba mlio wenyewe umgeuze. Mbwa wengi kufikia siku ya nne wanageuka kabla hujasema neno.

Siku ya tano hadi ya nane, washa shoti ndogo. Atapigwa mara moja mbili. Kaa kimya, usimfokee, mwonyeshe njia ya kurudi na umsifu akirudi. Maliza kila kipindi kwa mchezo katikati ya uwanja, ili ajue pale ndipo raha ilipo.

Kisha yaje majaribu. Rusha mpira nje ya vibendera. Mwambie mama watoto apite barabarani akimwita mbwa wa jirani. Kamba bado iko mkononi mwako. Kama anavutika, rudi nyuma siku mbili. Baada ya siku ya kumi na nne mfungue, lakini ukae naye nje. Vibendera viache wiki nyingine mbili, ndipo uanze kutoa kimoja na kuruka kimoja.

Na ukitaka kumtoa matembezini, mvue kola, mpitishe mahali pamoja tu daima, kwa amri ileile, na mara za mwanzo mtoe kwa gari au kwa kumbeba.

Baada ya hapo

Kola isikae shingoni usiku na mchana. Jumla ya saa nane hadi kumi na mbili kwa siku, basi. Nimeshavua kola nikakuta matundu mawili mekundu, yenye usaha, pale pini zilipokaa wiki tatu bila kusogezwa. Mwenye mbwa alidhani ni shoti imechoma. Ni mgandamizo tu ulioua ngozi. Ukiona wekundu, kola ipumzike hadi papone, na daktari wa mifugo apaone.

Transmita ikianza kulia, waya umekatika. Anza na viungo, kisha njia ya gari, kisha kando ya bustani pale mashine ya kukata nyasi inapopita. Usipoona kitu, vuta waya wa majaribio juu ya nyasi kutoka tundu moja la transmita hadi kiungo kilicho katikati ya mzunguko, huku kwenye tundu la pili ukiacha waya wa upande mmoja. Transmita ikinyamaza, upande huo ni mzima, tatizo liko upande wa pili. Gawa tena nusu, na tena, mpaka ubaki na mita chache za kufukua kwa mkono.