Mvua Isiyo na Miadi: Yaweke Sawa Haya Kabla

Wazee wetu walikuwa na hesabu yao. Siku ya Mwaka ikishapita, ile inayokogwa Makunduchi mwezi wa Julai, walianza kuhesabu miongo, siku kumi kumi, na kila mwongo ulikuwa na kazi yake: huu wa kusafisha konde, huu wa kutia mbegu, huu wa kutegemea pepo kugeuka. Bibi yangu hakuwa na kalenda ya ukutani wala redio, lakini alikuwa akijua vuli iko karibu kabla hujaona wingu. Hesabu ile naiheshimu mpaka leo. Ila siku hizi siingoji initoe kitandani, kwa sababu mvua zenyewe hazifuati tena miadi. Masika yanachelewa kisha yanamwaga yote kwa wiki moja. Vuli, ambayo tumezoea ni manyunyu ya kupandia, inakuja na maji ya masika. Kiangazi kinajinyoosha mpaka migomba inakunja majani.

Na si huku visiwani Zanzibar tu. Kaka yangu anakaa Oman. Aprili 2024 alinipigia simu usiku, sauti imembadilika: "Dada, wadi zimeshuka, maji yanachukua magari." Wadi ni mabonde makavu ya kule, yanayogeuka mito mvua ikinyesha. Siku zile kule gari lililobeba wanafunzi lilisombwa, watoto wakafa. Siku mbili baadaye Falme za Kiarabu zikapata mvua kubwa kuliko zote tangu waanze kuweka kumbukumbu mwaka 1949, ndege zikasimama Dubai. Mpwa wangu yuko Uingereza. Julai 2022 joto lilifika digrii 40.3 kule Coningsby, mara ya kwanza nchi ile kuvuka arobaini, na yeye akawa analala sakafuni amejifunika taulo la maji. Nyumba za kule zimejengwa zishike joto lisitoke, hazina feni wala matundu ya upepo kama zetu. Mvua ile ya Oman ingeshuka Unguja mwezi wa Aprili, isingetushtua kama ilivyowashtua wao. Kilichowaumiza wenzetu ni hali ya hewa kuwajia mahali ambapo hakuna aliyejiandaa nayo. Zamu yetu sisi, nyumbani kwangu, ilikuwa vuli ya 2023. Nitaifikia.

Kwanza, sikiliza taarifa. Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, hutoa mwelekeo wa msimu kabla msimu haujaanza. Agosti 2023 walisema waziwazi kwamba vuli itakuwa juu ya wastani kwa sababu ya El Nino, lile joto la Bahari ya Pasifiki linalovuruga mvua mpaka kwetu. Mtu wa kawaida anaweza kuielewa: bahari ya upande wetu, magharibi ya Bahari ya Hindi, nayo ilikuwa imepata joto kuliko kawaida, na bahari yenye joto hupandisha mvuke mwingi. Ndivyo ilivyokuwa na mwaka 1997 pia, na waliokuwa watu wazima wakati ule wanakumbuka. Sisi tuliisikia ile taarifa, tukasema Mungu atuepushe, tukaendelea na chai. Ukiisikia ya mwaka huu, inuka siku hiyohiyo.

Bati likaguliwe na mtu anayepanda juu, si anayetizama kutoka barazani. Misumari iliyolegea ibadilishwe. Matawi ya mwembe yaliyolalia nyumba yakatwe, na madafu na makuti makavu yaangushwe. Msione kwamba kimbunga ni habari ya Msumbiji na Komoro. Aprili 15, 1872, zama za Sayyid Barghash, kimbunga kiliipiga Unguja kikang'oa karibu mikarafuu yote. Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa, na hiyo ni sababu moja ya Pemba kuwa ndiyo kisiwa cha karafuu mpaka leo. Na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia, hapo tu kusini yetu.

Mitaro isafishwe kabla ya mvua. Taka unazozitia mtaroni mwezi wa Septemba utakutana nazo sebuleni mwezi wa Novemba, na jirani yako pia atakutana nazo. Kama mtaro ni wa mtaa mzima, nenda kwa sheha, kiongozi wa shehia yenu, na usiende peke yako, nendeni watu kumi.

Vyeti vya kuzaliwa, hati ya nyumba, vitambulisho na karatasi za hospitali: mfuko wa plastiki, kisha kasha, kisha juu ya kabati.

Sasa karo, yaani shimo la maji machafu ya choo, na kisima. Hapa naomba usome polepole.

Nyumba yetu iko bondeni, si mbali na Mwanakwerekwe, na kila anayeijua Mwanakwerekwe anajua maji yanavyotuama kule mvua zikizidi. Kwa hiyo kujaa maji hatukuwa wageni nako. Vuli ile, mvua ilipoanza Novemba, mume wangu na vijana walijaza viroba vya mchanga, wakapanga mlangoni vizuri, mstari juu ya mstari. Magodoro tuliyapandisha juu ya meza. Siku ya pili jioni maji ya njiani yalifika kwenye viroba yakakomea pale. Tukashukuru. Nakumbuka nilikaa kitandani nikaanza kukatakata mchicha kwa ajili ya futari, maana nilikuwa nimefunga Alhamisi ile.

Alfajiri niliteremsha miguu nikakanyaga maji. Mlango ulikuwa mkavu na viroba vilikuwa mahali pake. Maji yalikuwa yanatoka chooni. Yalikuwa yanapanda kwenye tundu la choo taratibu, bila kelele, na yalikuja na kila kilichokuwa karoni kwa miaka minne ambayo hatukuita gari la kunyonya. Tuliyafagia siku nzima. Harufu ile sitaieleza.

Lakini choo hakikuwa msiba wenyewe. Maji yalipungua, jua likatoka, tukaosha nyumba kwa sabuni na dawa. Bomba lilikuwa halitoi maji tangu siku ya kwanza ya mvua. Uani kuna kisima chetu, alichochimba marehemu baba mkwe, na maji ya mafuriko hayakufika mdomoni kwake. Nilichungulia, nikateka ndoo, maji maangavu kabisa, hayana rangi wala harufu. Mtoto wa marehemu dada yangu, namlea mimi, wakati ule ana miaka minne, alikuja na kikombe chake. Nikamwambia, "Kunywa mwanangu, maji ya kisima chetu haya." Mama yangu naye alikunywa.

Siku ya tatu mtoto akaanza kuharisha, maji matupu, kama yale ya kuoshea mchele. Ilipofika adhuhuri macho yalikuwa yameingia ndani na ukimfinya ngozi ya tumbo inabaki imesimama. Usiku mama naye akaanza. Walilazwa wote wawili, mtoto amewekewa dripu siku mbili, mama siku nne. Walipona, alhamdulillahi. Lakini kikombe kile nilikishika mimi.

Daktari alituuliza swali moja: kisima na karo viko mbali kiasi gani? Mume wangu alienda kupima kwa hatua. Havikufika mita kumi, na karo la jirani liko karibu zaidi, nyuma ya ukuta. Mafundi wa visima wanataka mita 30 angalau, na kwenye viwanja vyetu vya mjini nani ana mita 30? Sasa elewa kinachotokea. Karo letu la kawaida halina sakafu, maji yake yanazama ardhini. Ardhi yetu ni jiwe la tumbawe, lina nyufa na matundu, halichuji maji kama mchanga unavyochuja. Siku za kawaida maji ya ardhini yako chini, karo liko juu, Mungu anatusitiri. Mvua ikizidi, maji ya ardhini yanapanda mpaka yanakutana na karo, na hapo karo na kisima vinakuwa chombo kimoja. Si lazima mafuriko yapite juu ya mdomo wa kisima. Na uangavu wa maji hauna habari yoyote ya kukupa.

Kwa hiyo fanya hivi. Gari la kunyonya liitwe wakati wa ukavu: Januari au Februari kwa ajili ya masika, Agosti au Septemba kwa ajili ya vuli. Ukingoja mvua ianze utakuta foleni, na karo linalonyonywa huku ardhi imejaa maji hujaa tena, na kuta zake zinaweza kubomoka. Zungumza na jirani mnyonye pamoja, maana la kwake likibaki limejaa umejisumbua bure. Fundi bomba akuwekee valvu ya kuzuia maji yasirudi kwenye bomba la choo. Kama huna uwezo huo, mvua ikizidi ziba tundu la choo kwa kiroba cha mchanga kilichofungwa vizuri, na mtumie ndoo yenye mfuniko.

Kisima kiinuliwe ukingo, pembeni pamwagwe zege lenye mteremko wa kupeleka maji nje, na kiwe na mfuniko. Mvua kubwa ikishapita, kihesabu kwamba kimechafuka mpaka kivutwe maji, kitiwe klorini na mtu anayejua kipimo, na kingojewe. Muulize bwana afya wa shehia yako, ni kazi yake. Mpaka hapo, maji ya kisima ni ya kufagilia tu.

Na ya kunywa yawekwe kabla. Mimi nahesabu lita tano kwa kichwa kwa siku, kunywa na kupika. Sisi ni saba, kwa siku tatu ni lita 105, basi nina madumu sita ya lita ishirini, yanaoshwa na kubadilishwa maji kila mwezi kuanzia Februari na tena kuanzia Septemba. Yakiisha, chemsha. Maji yatokote hasa kwa dakika nzima, kisha yapoe yakiwa yamefunikwa. Weka nyumbani pakiti za ORS, ile dawa ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji kwa anayeharisha. Zikikosekana, lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo sita vya sukari visivyorundikwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi, mpe mgonjwa kidogokidogo huku mnatafuta usafiri. Usikae nyumbani unangoja aache kuharisha. Mtoto mdogo anakauka kwa saa chache.

Wenye safari za baharini: TMA wakisema upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita mbili, ahirisha. Harusi itakungoja. Msiba pia utakungoja, hitima ya siku ya tatu utaiwahi. Julai 18, 2012, wakati wa kusi, upepo wa kusini, boti ya Mv Skagit ilizama karibu na Chumbe ikitokea Dar, mjini panaonekana. Kusi tunaijua sote kwamba inakuja kila mwaka, na bado tunabanana kwenye boti kwa sababu tiketi imeshakatwa. Na ukipanda, uliza koti la kuokolea liko wapi kabla hujauliza kiti.

Pemba, kwa wenye karafuu. Shangazi yangu wa Wete anasema zamani ulikuwa ukianika kwenye jamvi unakwenda shamba bila wasiwasi. Sasa mvua inapiga katikati ya uchumaji, na karafuu ikinyeshewa kabla haijakauka inavia, inapauka, na bei yake inaanguka. Awepo mtu wa kushinda nyumbani na majamvi, mtu mzima, asiwe mtoto wa skuli. Turubai liwe karibu na uwanja wa kuanikia. Usichume leo zaidi ya unachoweza kukianua kwa dakika tano.

Mengine unayajua. Simu zijazwe chaji mawingu yakianza kukusanyika upande wa bahari. Tochi, kiberiti ndani ya chupa kavu. Umeme uzimwe kwenye swichi kubwa maji yakikaribia soketi, na usiizime ukiwa umesimama majini. Waya ulioanguka usiuguse hata kwa fimbo. Watoto wasiogelee kwenye maji yaliyotuama barabarani, hata kama wenzao wote wamo. Wenye wazee wasioweza kutembea waamue leo nani atambeba na atapelekwa nyumba ipi. Dawa za presha na sukari ziwe za wiki mbili. Chumba cha mwisho kule uani, kile ambacho hakina mtu, kitizameni pia, paa lake na choo chake. Na kabla hamjalala usiku wa mvua, mtu mmoja aende na tochi akamulike chooni.