Joho la babu lenye zari: jinsi ya kulitunza kama nguo za kifalme

Mwaka jana nilikuwa Mji Mkongwe kwa rafiki yangu, mama yake akafungua sanduku akatoa joho jeusi la zari, babu yake alilivaa akienda kwenye baraza za Sultan Khalifa bin Harub (yule aliyetawala 1911 mpaka 1960). Kola ishaliwa na nondo. Nikamwambia, bi mkubwa, usilianike juani, tulifanyie kama wanavyofanya watunza nguo za kifalme.

1. Vaa glavu za naitraili (mpira wa kutengenezwa kiwandani, sio mpira wa asili) zisizo na poda. Zile nyeupe za pamba za kwenye tivii mi sizitaki, zinanasa kwenye uzi. Zari ya zamani mara nyingi ni fedha iliyopakwa dhahabu, jasho linaitia weusi.

2. Piga picha pande zote.

3. Toa vumbi kwa vakyumu ya nguvu ndogo, mdomo umefungwa neti. Usifue, na drai klina usithubutu.

4. Friza. Hapa ndo niliwahi kuumia. Nondo mkubwa hana shida, mlaji ni kiluwiluwi na mayai yamejificha kwenye mshono, kwa hiyo makumbusho hugandisha nguo, nyuzi 30 chini ya sifuri kwa siku 3 hivi. Friza ya nyumbani inafika 18 tu basi weka wiki 2 kamili, na umeme ukikatika barafu ikayeyuka anza kuhesabu upya, ndio, hata kama ilikuwa siku ya 12. Funga joho kwenye karatasi isiyo na asidi, kisha mfuko wa naironi, toa hewa, ziba kwa selotepu. Ukilitoa USIFUNGUE mfuko mpaka siku nzima ipite. Mimi kwenye nguo nyingine niliyosaidia nilifungua baada ya saa moja, unyevu wa hewa ukaganda juu ya zari matone matone, nikakesha nakausha na feni. Kama ina shanga za kioo au ngozi usigandishe, muulize mtaalamu.

5. Lilaze, usilitundike, uzito wa zari unachana mabega. Kwenye mikunjo weka karatasi iliyoviringwa. Funika kwa marekani iliyofuliwa mara kadhaa wanga utoke. Mbao za sanduku zisigusane na nguo, naftalini hapana, na udi pia hapana jamani, moshi wake una mafuta.

6. Kuonyesha: mwanga usizidi laksi 50 (laksi ni kipimo cha mwanga), yaani chumba kinaonekana cha jioni. Sanamu ya kuvalishia nguo ijazwe ifuate joho, sio joho livutwe lifuate sanamu. Na lipumzike: kule Uingereza, Historic Royal Palaces, taasisi inayotunza majumba ya kifalme, ina mkusanyiko wa nguo za kifalme wenye vitu kama 10,000, vinavyoonyeshwa kwa wakati mmoja ni vichache tu.

Bi mkubwa alitaka likae sebuleni chini ya tyubu laiti mwaka mzima. Tumevutana weee, mwisho kakubali litoke Idi tu, na chetezo kihamie ukumbini.